Udongo Ndani ya Matairi

Ukungu ulikuwa haujainuka kwenye Uwanda wa Ghareshi, na tairi la trekta lilisimama peke yake katikati ya ngano, refu kumpita mtu mzima, jeusi, lenye kipara cha uzee. Vestina Boay alifungua mfuniko wa sanduku la bluu nyuma ya gari, akarudi hatua mbili, akawaacha siafu watoke.

Walitoka bila papara. Kila mmoja alikuwa mdogo kama punje ya mtama, ana miguu sita ya waya na tumbo la kioo, na jumla yao walikuwa laki tatu. Vitabuni waliitwa siafu-unde. Watu wa uwandani waliwaita siafu tu, maana siafu wa kweli waliwajua tangu utotoni na hawakuona tofauti kubwa, isipokuwa kwamba hawa hawakung'ata watu. Wengi walitawanyika kwenye matairi mengine yaliyofichwa na ngano; waliobaki walilipanda hili pole pole kama kivuli kinavyopanda ukuta, wakalifunika lote, kisha ukaanza mvumo wao mwembamba wa kusinziza. Vestina alikuwa ameuzoea mvumo huo kiasi kwamba siku asipousikia alilala vibaya.

Mpira wa tairi, kabla haujawa tairi, ni utomvu wa mti. Kiwandani huchanganywa na salfa na kupikwa, na salfa hiyo huzishikamanisha nyuzi zake kama watoto walioshikana mikono kwenye mchezo, zisiachane tena. Ndiyo sababu tairi halivunjiki, halioti kutu, halimalizwi na mchwa, na ukilichoma hulipiza kisasi kwa moshi wake. Sasa tumboni mwa kila siafu mlikuwa na tone la chachu, vijidudu hai vilivyofunzwa kula salfa peke yake. Siafu aking'ata, chachu huachanisha ile mikono, na mpira hurudi kuwa utomvu. Baada ya saa moja tairi lililolima Ghareshi kwa miaka thelathini lilikuwa mirundo mitatu juu ya majani: utomvu, masizi na waya. Harufu yake ilikuwa ya msitu uliolowa. Vestina hakuwahi kuuona msitu wa mipira maishani mwake, lakini kwa miezi mitatu tangu aanze kazi hii alikuwa akiuota, miti mirefu inayovuja maziwa.

"Hili limekwisha, Mchungaji," ilisema sauti kutoka kwenye sanduku. "Kwenye meno yake nimekuta udongo wa aina nne, na mbegu moja ya alizeti. Niitunze?"

Huyo alikuwa Malkia, na Mchungaji ni jina alilomwita Vestina, mchunga siafu. Hakuwa na mwili. Alikuwa akili unde iliyowaongoza siafu kwa harufu, na kazi yake nyingine ilikuwa kusoma na kukumbuka kila tairi waliloliyeyusha. Waliomtengeneza walimtia adabu nyingi kuliko waliyokuwa nayo wenyewe.

"Itunze," Vestina alisema. "Mvua je?"

"Siku nane. Matairi yenye maji bado ni elfu nne na kidogo. Tukienda hivi, tutamaliza siku ya saba jioni."

Siku saba kwa nane, basi. Siafu walipokwisha kurudi, Vestina alifunga mfuniko, akapanda gari.

Matrekta ya zama hizo hayakuwa na magurudumu. Yalikuwa na miguu, yakitembea shambani kama panzi wazee, yakikanyaga palepale kila msimu ili udongo usishindiliwe. Lakini Kampuni iliyokuwa ikilima uwanda ule tangu enzi za babu zao, siku ilipofunga virago, iliacha kila tairi pale lilipoangukia: mitaroni, mipakani, nyuma ya karakana, chini ya ngano yenyewe. Kila masika matairi hayo yalijaa maji, na katika maji hayo walizaliwa mbu wa homa ambayo dawa zote za zamani ziliiinulia mikono. Masika yaliyopita homa hiyo ilichukua watu arobaini na mmoja, uwandani na mjini. Wa arobaini alikuwa Yusta, binti wa Vestina, wa miaka minne. Vestina alikuwa fundi mitambo tu wakati huo. Baada ya arobaini ya mtoto alikwenda mwenyewe kwenye Idara ya serikali iliyomiliki siafu, akaomba apewe. Hakumwambia mtu yeyote wa uwandani habari hiyo, na alikusudia iwe hivyo. Alitaka kazi, hakutaka pole.

Shida ilikuwa Kambi ya Saba.

Kambi hiyo ilikuwa ya wazee waliowahi kuwa vibarua wa Kampuni, na watoto na wajukuu wao. Mbele ya kila nyumba palikuwa na matairi makubwa yaliyolazwa chini na kujazwa udongo, na katikati ya kila tairi shina la mchaichai. Nyumba nyingine zilikuwa na mawili, nyingine sita. Kwa mtu apitaye ilikuwa bustani nzuri. Lakini Malkia alipima, akakuta kwamba mdomo wa ndani wa tairi, pale udongo usipofika, hushika maji kama bakuli. Katika kila kumi, saba yalikuwa na viluwiluwi vya mbu. Amri ya Idara ilisema hakuna mpira utakaobaki, na safari hii Vestina alikubaliana na wakubwa wake.

Wiki iliyotangulia alikuwa amesimama uani kwa Bibi Agripina Sulle, ambaye kambini hakuna jambo lililoamuliwa asipokuwepo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila hao wadudu wako waache hukohuko."

"Hawang'ati watu, bibi."

"Hata simba wa kwenye picha hang'ati. Lakini sitamlaza na mjukuu wangu."

Vestina alicheka, akaelekeza kidole kwenye tairi lililokuwa karibu na mlango. "Hili utalimwaga lini?"

"Tutaona."

"Mbu wanazaliwa humo, bibi. Mimi sisemi kwa kukuonea."

"Nimesikia, mama. Tutaona."

Nyumba ya pili wakamwambia tutaona. Ya tatu tutaona, na chai ya mchaichai juu yake. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyekataa, na hakuna aliyemwaga hata koleo moja. Alitoka huko na tumbo limejaa chai na moyo umejaa hasira, akijiuliza ni watu gani hawa walioona watu arobaini na mmoja wakizikwa na bado wanabembeleza tairi bovu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Vestina alikuwa ameuliza lini, ila hakuwa ameuliza kwa nini.

Asubuhi hii, alipofika Kambi ya Saba, nyua zote zilikuwa tupu. Palipokuwa na matairi palibaki duara za ardhi iliyofifia, nyevunyevu, zenye minyoo.

"Wameyaficha," alisema.

"Wameyakusanya," Malkia alimsahihisha kwa upole. "Napata harufu kali upande wa kaskazini. Kali sana, Mchungaji. Ni mpira mwingi mahali pamoja. Nadhani ni ghala la zamani la ngano. Siafu wanavutwa huko wenyewe."

Ndivyo siafu walivyoumbwa: hufuata harufu iliyo kubwa kuliko zote. Tairi moja moja, kila moja katika ua wake, Vestina angeweza kuyapita na kuyaacha mpaka mwisho, kama alivyokuwa amekusudia. Mia mbili yakiwa pamoja yalikuwa yakiwaita.

Alipaswa kusita. Badala yake alifurahi, na ukweli huo alikuja kuusema mwenyewe baadaye bila kuulizwa. Aliona ujanja umewarudia wenyewe.

"Waache waende," alisema.

Siafu walitoka wakaingia kwenye ngano, na ngano ikawafunika. Ungeweza tu kuona mashuke yakitikisika katika mstari mrefu, kana kwamba upepo mwembamba umepewa njia ya kupita peke yake. Ukungu ulikuwa wa rangi ya maziwa. Vestina aliendesha gari nyuma yao taratibu, dirisha wazi, mvumo ukimbembeleza, na kwa kitambo kidogo akawa kama mtu aliye usingizini anayejua kuwa anaota.

Ghala lilitokea ghafla, kuta ndefu zisizo na paa. Watu wa kambi walikuwa wamesimama nje. Bibi Agripina alikuja mbio, khanga imemdondoka mabegani, akakipiga kioo cha gari kwa kiganja.

"Wazuie! Mwanangu, wazuie wadudu wako! Vitovu vya watoto wetu vimo humo!"

Vestina alishuka. "Vitovu gani, bibi?"

"Vitovu! Mtoto akizaliwa kitovu chake si kinazikwa?" Bibi alishika mkono wake akauvuta kuelekea mlangoni, akisema huku akihema. "Wewe kwenu mna shamba, mlizika shambani. Sisi tuzike wapi? Kila misimu michache Kampuni ilituhamisha, kambi inavunjwa, plau inapita mpaka pale palipokuwa kizingiti. Mama mmoja aliyetoka Dodoma, mtoto wake wa kwanza, akakiweka kwenye tairi bovu, akalijaza udongo, akapanda mchaichai juu. Siku ya kuhama akalipandisha kwenye tela, akaenda nalo. Tangu hapo sote. Mtu wa hapa kwao kumepandishwa kwenye tela mara tano, mara sita!"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mgeni anaambiwa kitovu cha mtu kilipo? Anayejua kilipo anaweza kumfunga mtu huyo kwa uchawi maisha yake yote. Hata sisi kwa sisi hatutajiani. Kila mama anajua alama aliyochonga kwenye tairi lake, basi."

"Na kuyaleta hapa?"

"Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote, kila tulipoambiwa hama. Tunayaweka pamoja, lisisahaulike hata moja."

Walikuwa wamefika mlangoni. Ndani, matairi mia mbili na kumi na mawili yalikuwa yamepangwa kwa safu, kwa uangalifu, kama watu walioketi kanisani, na weusi wa siafu ulikuwa umekwisha kuzifikia safu tatu za kwanza.

Kwenye mkanda wa Vestina palikuwa na kitufe chekundu cha kuwasimamisha siafu. Aliweka kidole juu yake.

"Mchungaji," Malkia alisema sikioni mwake, "matumbo yao yamejaa. Nikiwasimamisha katikati ya mlo, chachu itaganda na watakufa wote. Sanduku jingine haliwezi kufika kabla ya wiki tatu. Mvua ni siku nane. Elfu nne yatajaa."

"Hakuna njia nyingine?"

"Nimetafuta kabla hujaniuliza. Hakuna."

Bibi Agripina hakusikia maneno ya Malkia. Aliona kidole tu kikiwa juu ya kitufe, na uso wake ukaanza kulegea kwa shukrani.

Vestina alimwona Yusta kwenye godoro lake, midomo mikavu, akiuliza mara ya tatu kama kumekucha. Aliona watoto wa kambi waliokuwa nje wakichungulia, wawili, watatu, yule mwenye sweta la njano, akashindwa kuacha kuwahesabu. Aliondoa kidole.

"Waache wamalize," alisema.

Ilichukua asubuhi yote. Hakuna aliyepiga kelele. Mvumo ulijaa ndani ya kuta zile mpaka watu wakawa wanasimama wakiyumba kidogo bila kujijua, na harufu ya msitu ikawapanda, msitu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Mpira ulivyoyeyuka, udongo haukumwagika. Mizizi ya mchaichai ilikuwa imeufuma kwa miaka mingi, na kila tairi lilipokwisha lilibaki donge la mviringo limesimama peke yake, na majani yake juu, kama keki iliyotolewa kwenye chombo. Saa sita mchana ghala lilikuwa na madonge mia mbili na kumi na mawili ya udongo. Yote yalifanana. Alama zilikuwa kwenye mpira, na mpira haukuwepo.

Mzee mmoja aliingia, akazunguka safu ya kwanza, akarudi akaizunguka tena, akatoka nje.

"Yakikaa hapa mvua itayayeyusha," Bibi Agripina alisema hatimaye. Hakuwa akisema na Vestina. "Tuyazike."

"Wapi?" mtu aliuliza.

"Ardhini. Palepale nyuma ya ghala. Hakuna tela linalokuja tena."

Walichimba, na Vestina akachimba nao, kwa kuwa hakuna aliyemfukuza. Madonge yalibebwa na watu wawili wawili juu ya magunia, yakashushwa mashimoni, udongo wa matairi ukaguswa na udongo wa uwanda. Wazee waliyaangalia mashimo yale. Katika umri wao wote hakuna mtu wa Kambi ya Saba aliyewahi kuweka kitu ardhini kwa nia ya kukiacha.

Kazi ilipokwisha jua lilikuwa limeanza kulala. Mchaichai uliohamishwa haungengoja siku nane. Ulihitaji maji siku ileile. Watu wakaenda kuchota kisimani. Bibi Agripina alibaki, akakaa juu ya gunia, na Vestina akasimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa.

"Nilikuona ulivyoondoa kidole," bibi alisema.

"Ndiyo."

"Ungekuwa na wako humo ndani, ungekiondoa?"

Vestina alitaka kumweleza habari za chachu, na wiki tatu, na elfu nne. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na maneno hayo yote yangekuwa ya mtu aliyelala kwingine. Akasema lililokuwa kweli.

"Wangu alikufa masika yaliyopita, bibi. Kwa homa. Alikuwa anaitwa Yusta."

"Na kitovu chake kiko wapi?"

"Sijui. Alizaliwa mjini, wodini. Walikiweka kwenye mfuko pamoja na vitambaa, wakaenda nacho. Sikuuliza."

"Hukuuliza," bibi alirudia, si kwa kumlaumu.

"Bibi," Vestina alisema haraka, kabla ujasiri haujamwisha, "Malkia alisoma kila tairi kabla halijaliwa. Alama zote anazo, na mahali pa kila donge. Niambie alama yako. Anaweza kukuonyesha la mwanao sasa hivi." Alijua habari za Lameki, mtoto pekee wa bibi; kambi nzima ilizijua. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma kwenye kituo cha Mwezini, na mwaka huo ulikuwa wa kumi na moja bila kurudi. Kila jioni mama yake alimwagilia lile tairi la mlangoni, kisha akatazama juu.

Mikono ya Bibi Agripina ilitulia mapajani. Alizitazama safu za mchaichai zilivyonyooka mpaka kwenye ukuta, na Vestina aliona jinsi alivyotamani.

"Usinionyeshe," alisema.

"Kwa nini?"

"Nusu ya hawa mama zao wamekufa. Wengine walikwenda mijini wakasahau. Ukinionyesha langu, haya mengine nitayaacha yakauke. Najijua." Aliinuka, akapangusa vumbi kwenye khanga, akachukua makopo mawili kwenye yale yaliyoletwa, akampa Vestina moja. "Safu ile ya ukutani haijapata maji."

Vestina alipokea kopo. Alipokuwa amekwisha kutembea hatua chache alisema chini chini, "Malkia. Orodha ya ghalani, ifute."

"Nikiifuta, Mchungaji, hakuna atakayejua tena lipi ni la nani."

"Najua."

"Nimeifuta," Malkia alisema.

Vestina alianza mwanzo wa safu, shina baada ya shina, kila moja kipimo kilekile. Karibu na ukuta palikuwa na mmoja mdogo, wenye majani matatu tu, umeinama kwa kubebwa vibaya. Ungeweza kuwa wa yeyote. Alipiga magoti, akausimamisha kwa vidole viwili, akaushindilia udongo, akaumwagia maji pole pole mpaka kopo likaisha, kisha akabaki palepale, mkono juu ya udongo uliolowa, akilitaja jina la mtoto wake kwa sauti iliyosikika.

Bibi Agripina alisikia. Aligeuza uso, akaendelea na safu yake.